Mke aliyeachiwa kamba: kisa cha Cokeville kwa wanaoandika simulizi za mapenzi na taharuki

Magrupu ya simulizi siku hizi yamejaa stori moja ile ile imebadilishwa majina tu. Majambazi wamevamia shule, mkubwa wao kijana mtanashati ana kovu shavuni na utoto wa mateso, mwalimu mrembo kafungwa kwenye kiti, sehemu ya 4 wanaangaliana, sehemu ya 7 jamaa anamlegezea kamba, sehemu ya 9 lipia buku upate mwendelezo. Sisemi watu wasitafute riziki, tafuteni, ila watoto wa shule nzima wamekaa pale wanatetemeka na mwandishi hata hakumbuki kama wapo, kazi yao kwenye stori ni kulia kidogo sehemu ya 1 halafu basi wanayeyuka hadi mwisho wakitoka wanakimbilia kwa mama zao.

Sasa kuna kisa kimoja cha kweli ambacho kila anayetaka kuandika mateka wa shuleni na mapenzi ndani yake angetakiwa akijue vizuri, kisa cha shule ya msingi ya Cokeville, jimbo la Wyoming huko Marekani, Ijumaa ya tarehe 16 Mei 1986. Na sababu ya kukichagua hicho ni kwamba mapenzi yamo, tena ndo yamebeba kisa kizima, ila hayapo kabisa pale sisi tunapoyawekaga. Waliokuwa wanapendana mle ndani ni watekaji wenyewe. Mume na mke.

Cokeville ni kamji kadogo, enzi hizo watu kama 500 hivi, wafugaji wengi, wengi wao waumini wa kanisa la Mormon, karibu na mpaka wa Idaho na Utah. Mji ambao mtu akinunua gari jipya asubuhi, mchana kila mtu ameshajua bei. David Young alikuwa anaujua kwa sababu miaka ya 70 aliwahi kuwa polisi wa mji ule, mkuu mwenyewe, ila hakukaa sana wakamwachisha. Akahamia Tucson kule Arizona na mkewe Doris, akawa mtu wa kujifungia na kuandika madaftari ya falsafa zake, sifuri ni sawa na namba isiyo na mwisho, mambo ya kufa na kurudi, dunia mpya ambayo yeye ndo angekuwa mkubwa wake. Watoto wa Cokeville aliwakumbuka kama watoto wenye akili sana, kwahiyo kwenye kichwa chake hao ndo wa kwenda nao huko.

Hapo mwandishi simama kidogo. Huyu jamaa hana kovu shavuni. Ana miaka 43, ni mtu aliyefeli kazi, anaamini yeye ni mwerevu kuliko wote waliowahi kumwambia hapana. Ukimwandika hivo tayari anatisha zaidi ya yule wako wa kwenye kava, kwa sababu watu wa aina hiyo tunawajua, wapo mitaani, wapo kwenye familia, mwingine ni mjomba wako kabisa. Na Doris alikuwa na miaka 47, kamzidi minne, mwanamke mtu mzima, sio binti aliyedanganywa na soda.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Mchana kama saa saba wanafika shuleni na gari. Ndani ya gari kuna wanaume wawili waliokuwa wamewekeza hela kwenye mpango wa David bila kujua mpango wenyewe ni upi, walipoujua wakagoma, wakafungwa pingu mle mle ndani ya gari. Na kuna binti yake David, mtoto wa ndoa ya kwanza, ameshakuwa mkubwa, naye alipoona kinachoenda kufanyika akakataa. Akaondoka na gari kwenda ofisi za mji kutoa taarifa. Naomba hilo likae kichwani, nitalirudia.

David anaingia ofisini na bomu lake kwenye kitoroli cha kusukuma, bunduki za kutosha, anatangaza kwamba shule iko chini yake. Sasa kazi ya kukusanya watu aliifanya nani? Doris. Alipita darasa kwa darasa akiwaambia walimu waende chumba kile, kuna kitu cha dharura, kuna kitu cha kuona, na walimu wakawatoa watoto kwa mstari kama siku yoyote, kwa sababu ni mama mtu mzima anaongea kwa upole. Hakuna aliyepigwa. Ndani ya muda mfupi tu watoto 136 na watu wazima 18 wamejazana kwenye darasa la kwanza, chumba cha kutosha darasa moja. Mateka 154 wamekusanywa na sauti ya mwanamke mpole. Mi nikisoma simulizi ambayo majambazi wanaingia wanarusha risasi darini naona mwandishi kaikimbia sehemu ngumu, kwa sababu upole ule unatisha kuliko risasi na kuuandika kunataka kazi.

Kati ya hao watu wazima 18 sio wote walikuwa wa shule. Kuna mtu alikuja kwenye intavyuu ya kazi. Kuna dereva wa kampuni ya vifurushi alikuja kushusha mzigo wake aondoke. Ukiwa mwandishi wa mapenzi na hapo bado hujaona stori inakupungia mkono basi sijui nikusaidieje. Watu wawili ambao hawakutakiwa kuwepo, mmoja amevaa nguo zake nzuri za intavyuu, mwingine na yunifomu, wamekaa sakafuni na watoto wa watu wamewalalia mapajani.

Bomu sasa. Sitaeleza limetengenezwaje maana haina haja, kilichopo cha kuandika ni kamba. Lilikuwa na dumu la petroli na mambo mengine, na mlipuko wake umeunganishwa na kibanio cha nguo, kile cha kuanikia, na kutoka kwenye kibanio inakuja kamba hadi mkononi mwa David, imezungushwa kwenye kifundo. Ikivutika kibanio kinaachia, linalipuka. Maana yake nini? Maana yake polisi hawawezi kumpiga risasi, akianguka kamba inavutika. Walimu hawawezi kumrukia. Na yeye mwenyewe hawezi kujikuna bila kufikiria. Chumba kizima, watu mia moja na hamsini na kitu, macho yote yapo kwenye mkono mmoja. Hiyo ndo taharuki, huhitaji saa ya bomu inayohesabu sekunde kurudi nyuma kama kwenye muvi, unahitaji mkono wa mtu na kila mtoto aliyepo anauona.

Madai yake yalikuwa dola milioni 2 kwa kila mateka, ukipiga hesabu ni zaidi ya milioni 300, na anataka aongee na Rais Ronald Reagan. Akagawa na karatasi za falsafa yake, hakuna aliyeelewa kitu.

Halafu petroli ikaanza kunuka. Dumu lilikuwa linavuja, chumba kidogo, watu wengi, watoto wakaanza kuumwa vichwa, wengine kutapika. Walimu wakaomba madirisha yafunguliwe, David akakubali. Shika na hilo pia. Wakaomba vitabu, vifaa vya kuchora, televisheni iletwe, akakubali. Watoto wadogo unawajua, hata umwekee bomu atasahau, dakika ishirini ameshaanza kumsukuma mwenzake, na walikuwa wanazidi kusogelea bomu na David anazidi kupandwa na hasira. Kwahiyo mwalimu mmoja akachukua ile seloteipu ya karatasi, akainama sakafuni akabandika mraba kuzunguka bomu na jamaa mwenyewe katikati, akawaambia watoto mstari huu hakuna kuvuka.

Nimesoma riwaya nyingi za taharuki na hii seloteipu bado naiona inazipiga nyingi. Angalia kilichofanyika pale. Mwalimu hana silaha, hana ujasiri wa kwenye mabango, anachofanya ni kazi yake ya kila siku, kuwapanga watoto. Lakini kwa kubandika ule mstari ametengeneza nafasi kati ya bomu na watoto, na amempa mtekaji mpaka wake bila yeye kujua kwamba amewekewa mpaka, jamaa kafurahi kabisa anaona anaheshimiwa. Mwanamke anayefanya kitu cha namna ile, mkono hautetemeki na nyuma yake kuna bunduki, ndo mwanamke wa kumpenda kwenye simulizi, sio yule ambaye sifa yake tangu sehemu ya 1 ni rangi ya chokoleti na kiuno.

Na Doris je? Doris muda wote alikuwa anazunguka anawatuliza watoto. Hii ndo sehemu mi inanisumbua kwelikweli. Huyu mama aliwakusanya mwenyewe waje wafe, halafu anawabembeleza wasilie. Mtu mwingine atasema unafiki, mi sidhani. Nadhani alikuwa anafanya vitu viwili kwa wakati mmoja, kumtii mume na kuwa mtu mzima mbele ya watoto, na alikuwa ameshakaa na yule mwanaume muda mrefu kiasi kwamba hivo vitu viwili havigombani tena kichwani mwake. Wanawake wa hivo tumewaona, hawajashika bomu lakini wamemshikia mume vitu vingine, deni, uongo kwa mashemeji, mtoto wa nje, na wanavishika kwa tabasamu.

Basi ikafika saa tisa na nusu imepita, David akabanwa akataka kwenda chooni. Yaani mpango wa miaka, falsafa, dunia mpya, Reagan, vyote vimesimama kwa sababu ya haja. Kuna choo kidogo palepale pembeni ya darasa. Akaivua kamba kwenye mkono wake akamfunga Doris mkononi.

Ukiandika simulizi ya mapenzi na taharuki na huna sekunde kama hiyo, nenda kaitafute. Mume anamvalisha mke kitu mkononi. Kwenye harusi ni pete. Hapa ni kamba ya bomu na ameipokea bila kuuliza, na kama kuna kipimo cha kumjua mtu anayekupenda basi angalia anakuachia nini mkononi anapoenda kujisaidia.

Kilichofuata ni cha sekunde chache. Doris akageuka, akanyanyua mkono, inaonekana alikuwa anaongea na watu mle kama alivyozoea, kamba ikavutika. Bomu likalipuka. Moto, moshi mweusi chumba kizima, Doris mwenyewe anawaka. David akafungua mlango wa choo, akamwona mkewe katika hali ile, akampiga risasi. Akampiga risasi na mwalimu wa muziki aliyekuwa anakimbia, huyu alipona. Akarudi chooni akajimaliza.

Walimu hapo ndo walifanya kazi, watoto wanatupwa madirishani mmoja baada ya mwingine kwenda kwenye nyasi nje, wengine wanavutwa kwa miguu, nje wazazi walikuwa wameshajaa wamezuiwa kwa mbali wanaona moshi unatoka shuleni. Watu 79 walipelekwa hospitali, wengi kwa kuungua. Mateka waliokufa hakuna. Hata mmoja. Wote 154 walitoka hai, waliokufa ni mume na mke tu.

Wachunguzi walivyokagua walikuta sababu kadhaa. Madirisha yale yaliyofunguliwa kwa ajili ya harufu yalitoa nguvu ya mlipuko nje, nyingine ikapanda kwenye dari. Petroli iliyokuwa inavuja ililowesha unga uliokuwa ndani ya bomu, uliotakiwa kusambaa hewani, ukawa tope. Viwashio karibu vyote havikufanya kazi. Na baadhi ya watoto baadaye wakasimulia kwamba waliona watu wenye mavazi meupe mle ndani, kama malaika, wengine wakasema ni bibi zao waliokwisha kufariki, waliowaelekeza wakae karibu na madirisha. Hilo siwezi kulichambua na sina nia, ni lao, waliokuwa ndani ni wao. Ila kama mwandishi ningeliacha kwenye mdomo wa mtoto mmoja tu, sentensi mbili, na mtu mzima anayemsikiliza asijibu kitu.

Sasa tukirudi kwenye simulizi zetu. Kitu cha kwanza ambacho kisa hiki kinakivunja ni komando. Hakuna kikosi kilichoingia. Hakuna aliyeshuka na kamba kutoka kwenye helikopta. Polisi walikuwepo nje, na mmoja wa wapelelezi wa kaunti alikuwa na watoto wake wa kuzaa mle ndani, fikiria huyo mtu amesimama pale na bastola kiunoni na hawezi kufanya chochote kwa sababu ya kibanio cha nguo. Yaani mwanaume shujaa wa stori yako kazi yake yote ni kusimama. Waandishi wengi hapo wanashindwa, wanaona msomaji atachoka, wanamwingiza ndani kwa nguvu kupitia bomba la hewa. Usimwingize. Mwache nje, mpe mke aliyeachana naye miezi sita iliyopita na sasa huyo mke ndo mwalimu aliyeshika seloteipu, hawaonani, hawana simu, mwaka 1986 hakuna simu za mkononi za kutumiana meseji, anachojua ni kwamba dirisha la darasa la kwanza limefunguliwa na anajiuliza nani kaomba lifunguliwe na anajua ni yeye, kwa sababu hata nyumbani alikuwa hawezi kulala dirisha limefungwa. Hapo hawajagusana na msomaji wako ameshakufa.

Cha pili ni hili la mateka kumpenda mtekaji. Najua mtaniletea ile inayoitwa Stockholm syndrome, mateka kuwa upande wa mtekaji. Sawa, ni ya Stockholm kule Sweden, Agosti 1973, benki, siku sita, mateka wanne, walipotoka wakawa wanawaogopa polisi kuliko majambazi na jina likatokea hapo. Lakini soma vizuri, mmoja wa wale mateka alieleza kwa miaka mingi kwamba hakuwa na mapenzi na mtu, alikuwa anapiga hesabu ya nani ana uwezekano wa kumuua haraka, na polisi walikuwa wanatishia kuingia kwa nguvu. Hiyo ni akili ya kuishi. Ukiichukua ukaipaka marashi ukaiita penzi, halafu pembeni kuna watoto wa miaka sita wananusa petroli, mi hapo nafunga simu. Na kwetu huku jambo lenyewe halipo mbali hivo, tarehe 2 Aprili 2015 kwenye chuo kikuu cha Garissa, Kenya, waliuawa watu 148, wengi wanafunzi, kuna wasomaji wako kwenye grupu waliomjua mtu pale. Mtekaji mtanashati wa sehemu ya 7 nenda kamsomee mmoja wao uone atakuangaliaje.

Kama unataka penzi na mtekaji basi andika ndoa yao wenyewe, ya David na Doris. Iandike toka ndani. Aliporudi nyumbani na daftari la kwanza, mke alisema nini. Alipoanza kununua bunduki, mke aliuliza hela imetoka wapi au alipika tu. Siku gani aliacha kumpinga, maana siku hiyo lazima ipo, na mara nyingi ni siku ya kawaida tu, labda alikuwa amechoka. Na risasi ile ya mwisho ni ya nini, huruma kwa sababu alikuwa anaungua, au hasira kwa sababu kaharibu mpango? Waliojua wote wamekufa. Hapo una sura nzima ya kuandika na hakuna atakayekuambia umekosea, na ukiwa mjanja utaiandika mara mbili, mara moja huruma, mara moja hasira, umwachie msomaji.

Yule wa intavyuu na dereva wa vifurushi nao usiwaharakishe. Mle chumbani wasiseme hata neno la mapenzi, muda wenyewe ni saa mbili na nusu hivi na wana watoto wa kuangalia. Wacha wajuane kwa majina ya watoto waliowashika. Baadaye wakikutana dereva aulize, hivi yule wangu aliyetapika viatuni alipona, na wewe mwandishi usiongeze kitu hapo, sehemu inaisha, watu watalipa.

Lakini mi mwenyewe ningepewa hii stori niiandike, nisingeanza na bomu wala na harusi. Ningeanza na yule binti. Baba yake yuko ndani, amemlea, inawezekana kabisa anampenda, mama wa kambo ameshakubali kila kitu na wanaume wawili wako na pingu, na yeye peke yake ndo aliyesema hapana akiwa bado na miguu ya kuondoka. Anaendesha gari kwenda kwenye ofisi za mji kumsema baba yake. Ni safari fupi, mji wenyewe mdogo. Sehemu ya 1 nzima ningeiweka kwenye hiyo barabara, na ningemfanya asimame kwenye alama ya kusimama ingawa hakuna gari jingine, kwa sababu ni baba aliyemfundisha kuendesha.